Inawaka Mara Mbili

Picha ya nne ilitoka nyeusi kama chungu cha jikoni. Niliisogeza kamera karibu na uso, nikatafuta humo hata alama ya bega au ukingo wa kiti. Kilichoonekana ni mwanga hafifu kwenye paji la uso wa Shangazi, na chini yake kope mbili zilizofungwa barabara, kama mifuko ya koti jipya ambayo fundi ameishona isifunguke kabla haijafika kwa mwenyewe.

Mbele yangu, mwenye uso huo alikuwa ameinama kwenye kiti chake cha kushonea, amebana kitambaa cha maji kwenye jicho la kushoto. Niliona tu vidole vya miguu yake vikijikunja juu ya sakafu, ndipo nikajua linamuuma kiasi gani.

"Imetoka?" akauliza.

Nikamwambia bado kidogo. Mimi si hodari wa kudanganya, naye ndiye aliyenilea, hivyo hakuuliza tena.

Hiyo ilikuwa Jumamosi alasiri. Jumatatu asubuhi jicho lile lingeondolewa.

Uvimbe ulikuwa nyuma yake. Daktari alitueleza siku ya Ijumaa, akachora duara kwenye karatasi, na ndani ya duara akachora jingine, na mimi niliyetoka chuoni na stashahada yangu mpya nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, kumbe natazama kalamu tu. Shangazi ndiye aliyeuliza maswali. Aliuliza kama la kulia litabaki. Litabaki. Aliuliza kama ataweza kushona. Ataweza, baada ya muda, akishazoea. Aliuliza likishatolewa hupelekwa wapi, na Baba, mdogo wake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba maswali mengine, Dada, ni ya nini.

Tuliporudi nyumbani hakwenda kulala. Alikaa kwenye cherehani, pazia limefungwa kwa sababu mwanga ulikuwa umeshaanza kumchoma, akamalizia pindo la sketi aliyoahidi kuitoa siku ile. Mimi nilikaa chini nikishona vifungo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu tangu nimalize chuo: kungoja barua za ajira na kushona vifungo. Alipokata uzi kwa meno, alisema bila kugeuka:

"Mwanangu, nipige picha moja. Nikiwa na macho yangu yote mawili. Na yawe wazi."

Ombi hilo lingetoka kwa mtu mwingine lisingekuwa na uzito. Lakini Shangazi hakuwa na picha hata moja yenye macho. Mama alipofariki nikiwa na miaka saba, Shangazi alihamia kwetu na cherehani yake na sanduku moja la nguo, na miaka michache baadaye Baba alinunua kamera ya dijitali, ndogo, ya rangi ya fedha, ya kuingia mfukoni. Picha zote za nyumba yetu zilitoka humo. Katika zote Shangazi amefumba macho. Amefumba akiwa amebeba keki, amefumba akiwa amesimama mlangoni, amefumba siku ya mahafali yangu, mkono wake begani kwangu, gauni alilonishonea limenikaa kama nimezaliwa nalo, na yeye pembeni yuko kama mtu aliyelala fofofo akiwa amesimama. Picha ya kitambulisho alikuwa nayo, ndogo kama ukucha, lakini jasho na miaka vilikuwa vimeifuta mpaka ukabaki mduara wa uso usio na mtu. Simu za kupigia picha zilikuwa zimeshaanza kuonekana, ila si kwenye mikono yetu.

Nyumbani lilikuwa jambo la kuchekesha. Baba alimpa jina la Sinzia. Kila alipoinua kamera alisema ngoja kwanza dada yangu aanze kusali, na baada ya kubonyeza alisema amina. Wageni walicheka, sisi tukacheka, na Shangazi akacheka nasi. Ukicheka na wanaokucheka, mzaha hupita haraka. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa mtu mzima, na si kwa kufundishwa chuoni.

Juani hatukuweza kumpeleka. Jicho lilitiririka machozi akifika mlangoni tu. Ndani penye pazia palikuwa na giza, na flashi ya ile kamera, kidude cheupe chenye ukubwa wa punje ya mhindi kilicho karibu kabisa na lenzi, ilimpiga usoni kama kofi. Ndiyo sababu Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Bwana Kesho.

Bwana Kesho alitengeneza kamera na redio kwenye kichochoro nyuma ya duka la viatu. Jina alipewa na wateja, na alilistahili. Meza yake ilijaa kamera zilizofunguliwa matumbo, na kila aliyefika kuulizia yake alijibiwa neno hilo moja kwa upole mkubwa, hata ukatamani kumshukuru. Mimi huwa sijui kuanza mazungumzo na mtu. Nilisimama pale nikiwa nimeishika kamera kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa chumvi, mpaka yeye mwenyewe akaichukua, akaigeuzageuza, akapuliza vumbi.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia mwisho, lakini alisikiliza. Aliacha hata bisibisi yake. Kisha akasema kinachotakiwa ni mwanga utoke mbali na uso: uelekezwe darini, urudi chini ukiwa umepoa. Taabu ni kwamba kamera yenyewe haina pa kuchomeka flashi ya nje.

"Hii haina hata kichwa cha kuvalia kofia," akasema.

Akainama chini ya meza, akatafuta kwa muda, akaibuka na flashi nzito nyeusi yenye ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Akanionyesha kitundu chekundu ubavuni mwake. Hilo ni jicho, akasema. Haihitaji waya. Ikiona flashi nyingine imewaka, nayo inawaka palepale, kama mbwa anayebweka kwa sababu wa jirani amebweka. Chini ya jicho palikuwa na kiswichi chenye nukta tatu, maandishi yameshafutika. Alikisukuma kwenye nukta ya kwanza. Akasema hapo hapo, usiguse, picha ni mwanga mmoja tu. Nilipouliza niirudishe lini alitabasamu, akasema safari hii na aseme mteja, kesho au keshokutwa, yeye hana neno.

Nilirudi nikikaribia kukimbia.

Na sasa picha nne zilikuwa zimetoka nyeusi. Flashi niliiweka juu ya kabati, uso wake ukitazama dari na jicho lake likinitazama mimi. Kila nilipobonyeza, iliwaka. Niliiona kwa macho yangu: dari yote ilipata weupe, hata utando wa buibui ulionekana. Halafu picha ikawa giza. Nilibadili betri. Nilifuta lenzi kwa ncha ya blauzi. Nilisogea mbele, nikarudi nyuma. Na kila jaribio Shangazi alililipia kwa jicho lake. Yeye ndiye aliyekuwa amesema kwamba ataweza kuvumilia mara tano au sita, basi.

Aliondoa kitambaa, akakikamua kwenye bakuli. "Mwanangu," akasema, "hicho kitu kinawaka mara mbili."

Nusura nicheke. Naona aibu kuliandika, lakini kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, kwa mazoea tu, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumba yenu gizani. Maana maneno hayo hayakuwa mapya. Mwaka ule Baba alipoinunua kamera, Shangazi alikuwa amejitetea hivyohivyo. Alisema inawaka kwanza kidogo, halafu inawaka sana, na kwamba ile ndogo ndiyo inayomfumba, hivyo ile kubwa inamkuta amefumba tayari. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Alisema sisi wote tunaona moja, na anayeona mbili aende akapimwe macho. Shangazi alirudia utetezi huo mara mbili au tatu katika miezi ile, kisha akaacha. Sijui siku aliyoacha ni ipi. Hakuna aliyeiona.

Kicheko nilikimeza. Nikamwambia mimi naona mara moja tu.

"Wewe upo nyuma yake," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anawaza, na akiwaza mkono wake huenda kwenye gurudumu la cherehani. "Cherehani ikiruka mishono unafanyaje?"

Hilo alinifundisha nikiwa na miaka tisa. Cherehani ikiruka, usiilaumu sindano. Sindano inashuka, ndoano inakuja kudaka uzi. Mmoja akiwahi, mwenzake anakuta hewa. Wote wawili wazima, ila hawakutani. Unaizungusha kwa mkono, polepole, uone nani kamwahi mwenzake. Nikamjibu hivyo, nikaongeza kwamba kamera haina gurudumu la kuzungusha.

"Yangu inalo," akasema.

Alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari mmoja mnene kwenye gurudumu jeusi la cherehani, kutoka katikati hadi ukingoni. Akaniambia nitoe ile flashi ya kukopa nje ya chumba, ibaki ya kamera peke yake. Kisha akageuka upande, akajifunga kitambaa machoni kama watoto wachezao kibe, akakanyaga pedali. Cherehani ikanguruma. Mstari wa chaki ukapotea, gurudumu likawa ukungu wa kijivu unaozunguka. Nilielekeza kamera huko, nikaacha kutazama kioo chake cha nyuma kinachoonyesha picha, nikatazama gurudumu lenyewe. Nikabonyeza.

Niliuona mstari wa chaki umesimama. Ulisimama ukielekea dirishani, hafifu. Na kabla sijapepesa uliangazwa tena, mweupe kabisa, ukielekea sakafuni.

Mwanga mmoja hauwezi kuusimamisha mstari mahali pawili.

Nikabonyeza tena. Safari hii ulisimama juu, halafu ubavuni. Nikabonyeza mara ya tatu bila sababu, kwa kuwa sikujua nitakachosema nikiacha. Shangazi aliondoa mguu kwenye pedali. Gurudumu likapunguza mwendo, mstari wake ukarudi kuwa mstari.

"Umeona?"

"Nimeona, Shangazi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Alibaki amefungwa kitambaa machoni, mikono mapajani. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Nilitaka kwenda kumshika Shangazi, na kama kawaida yangu niliposimama nikitafuta namna ya kwenda, muda ukapita.

"Miaka kumi na moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma namba kwenye futi ya kupimia.

Mengine yalifunguka yenyewe, kama mshono ukishapata uzi wa kuvuta. Kamera ile ilikuwa inatuma kwanza mwanga mdogo wa kupima chumba, ndipo iwashe ule wa picha. Flashi ya Bwana Kesho ilipouona ule wa kwanza ilidhani kazi imeanza, ikatoa nguvu zake zote darini. Picha ilipokuja kupigwa, flashi hiyo ilikuwa bado inahema. Sindano na ndoano. Na macho ya Shangazi yalifanya kosa lilelile. Yalikuwa na kasi kuliko ya sisi sote. Tuliyaita ya usingizi.

Baba alirudi jioni jua likiwa bado halijazama. Nilimwita kwenye chumba cha cherehani, nikamwomba asimame karibu na gurudumu na asiseme kitu. Shangazi akakanyaga pedali, mimi nikabonyeza. Baba alitaka nirudie. Nikarudia. Alisogea akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa chuma, nikarudia tena. Kisha akanyooka akatoka nje, na kwa dirisha nilimwona amesimama uani, ameshika kiuno, anatazama kamba ya nguo iliyokuwa haina nguo. Alirudi na kiti kingine, akakiweka karibu na cha Shangazi, akakaa. Alianza kusema kuhusu ile siku aliyomwambia aende akapimwe macho. Hakumaliza. Shangazi aligusa goti lake, akamwambia ameshaenda, wamempima, basi yaishe.

Usiku ule nililala nikiwa na hofu. Kujua kosa ni jambo moja. Picha mbili tu ndizo zilizobaki katika zile sita alizojipimia.

Jumapili baada ya chakula cha mchana tulijipanga. Nilikisukuma kiswichi cha flashi hadi nukta ya pili, nikaijaribu kwa gurudumu: mwanga wa kwanza ukapita, flashi ikatulia kama haijaona kitu, wa pili ulipokuja ndipo ikawaka nao pamoja. Lakini ule mwanga mdogo bado ungemfikia usoni na kumfumba. Hapo Shangazi mwenyewe alifungua droo, akatoa kadi ngumu ya manila anayokatia pateni za kola. Akapima kwa jicho zima, akakata kipande cha vidole viwili, akakikunja pembe. Tulikibandika kwenye kamera kwa utepe wa gundi ili flashi yake isimwone Shangazi, iangaze pembeni tu, upande aliosimama Baba.

Maana Baba ndiye aliyeshika flashi. Kabati lilikuwa halifai tena, liko upande usiofikiwa na mwanga wa kamera, naye alikataa flashi iwekwe kitini wala mezani. Alisimama kona ya chumba ameinua kile chuma kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekamatwa na askari. Niliibonyeza ya kwanza. Haikuwa nyeusi. Ilikuwa nyeupe kama unga uliomwagika, macho na pua vimeungana kuwa mwanga mtupu.

Shangazi alisikia nikishusha kamera. "Basi moja imebaki," akasema, "na mimi sijachoka."

Nilimwomba Baba arudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na ainue zaidi. Nilipiga magoti ili niwe sawa na uso wa Shangazi. Alikuwa amevaa blauzi ya kijani aliyoishona usiku mmoja miaka mingi iliyopita na hakuwahi kuivaa nje ya nyumba. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu pembeni, na lilikuwa limetoka mbele kidogo kuliko mwenzake. Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo, moja kwa moja, kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu," Shangazi akamwambia Baba, "usisinzie."

Baba akaguna. Flashi ikayumba, ikatulia. Shangazi hakucheka, alinitazama tu mimi, cheko likiwa bado limejificha mahali fulani kwenye mashavu. Nikabonyeza. Dari ikawa nyeupe.

Sikutazama mara moja. Niliishusha kamera mapajani, nikahesabu pumzi mbili, ndipo nikageuza kioo chake, kioo kisichozidi kiberiti. Blauzi ya kijani ilikuwepo. Shingo ilikuwepo. Nikabonyeza kitufe cha kukuza, nikausogeza uso kwa mishale mpaka ukajaa.

Yalikuwa wazi. Yote mawili, la kulia na la kushoto, na katika kila moja palikuwa na doa dogo la nuru ya dari.

Nilimpelekea nikiwa bado nimepiga magoti. Alichukua kamera akaishika mbali, akaisogeza, akaishika mbali tena, kama anavyofanya akipima tundu la sindano. Baba alikuja akasimama nyuma yake, flashi akiwa ameikumbatia. Nilisikia tu anavuta hewa puani.

"Kwenye kioo huwa naona mtu anayejikagua," Shangazi akasema. "Kumbe ninyi mnaniona hivi."

Alitaka kujua kama itabaki humo, haitafutika. Nilimwambia itabaki, na kwamba kesho yeye akiwa wodini mimi nitaipeleka ikasafishwe, kubwa, ya kutia kwenye fremu. Akasema si lazima iwe kubwa. Halafu akauliza kitundu kile kidogo kilicho juu ya kioo ni cha nini. Kamera za siku hizi hazina. Hiyo yetu ilikuwa nacho, cha kuchungulia, na sisi hatukuwahi kukitumia kwa sababu kioo kilitosha.

Nilimwambia ni cha kuweka jicho.

"Hebu kaa pale," akasema, akinionyesha kiti chake. "Mdogo wangu, inua hiyo taa yako."

Mimi sipendi kupigwa picha. Huwa sijui mikono niipeleke wapi, na nikiambiwa nitabasamu uso wangu unasahau kazi hiyo hufanywaje. Siku nyingine yoyote ningesema nina vyombo vya kuosha. Nilikaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Baba alirudi kona, akainua mikono.

Nilimwelekeza kitufe kilipo. Aliinua kamera, akafumba jicho zima, akaliweka lile la kushoto kwenye kitundu. Lilikuwa limebakiwa na uoni wa mtu anayetazama nje kupitia pazia, alituambia hivyo siku zile. Sijui aliona nini. Alikaa vile, kidole kikiwa juu ya kitufe bila kukibonyeza, muda mrefu kuliko picha yoyote inavyohitaji, na Baba akawa bado ameinua taa kule kona.

Sikumharakisha.